Pepopunda haiulizi kama una mimba

Nilikanyaga msumari. Si mara ya kwanza, na mtu yeyote aliyekulia Shela atakwambia hicho si kitu cha kuposti. Nyuma ya mtaa wetu kuna nyumba inajengwa, moja ya zile za ghorofa tatu zenye kidimbwi cha kuogelea juu, na mimi nilikuwa nimeenda kurekodi klipu ya punda wakishusha mawe. Nilivaa ndara. Msumari ulikuwa umetokeza kwenye kipande cha ubao, umefunikwa na mchanga na, samahani kwa lugha, mavi ya punda. Ukapita ndara, ukaingia kisiginoni kama sentimita mbili. Damu ilitoka kidogo sana. Hilo ndo lilikuwa baya, nitaeleza kwa nini.

Fundi mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, shuka pwani uoshe na maji ya bahari, chumvi inaua kila kitu." Mwengine akauliza kama msumari una kutu. Ulikuwa mpya, unang'aa. "Basi huna shida," akasema, akarudi kwenye simiti yake. Nawapenda hawa wazee, wamejenga nusu ya Shela kwa mikono yao, lakini wote wawili walikosea.

Nikachechemea mpaka zahanati moja, sitaitaja jina wala ilipo. Mama muuguzi alinipokea vizuri. Aliosha kidonda polepole, akakifukua mpaka nikaona nyota, akafunga. Nikamwambia, "Mama, naomba na sindano ya pepopunda." Akanitazama, akatabasamu. "Mwanangu, hizo zilizobaki ni za wajawazito. Kwani wewe una mimba?"

Foleni nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, wallahi, manake ilichekesha. Lakini nikiwa kwenye boti naelekea Lamu mjini kutafuta sindano ya kununua, kile kicheko kikaanza kunikaa vibaya. Yule mama hakuwa na kosa. Alikuwa na chupa chache na maagizo. Maagizo ndo yana shida, na ndo nayaandikia leo.

Kabla hamjaanza huko chini na "wewe si uliacha chuo, nani akusikize": ndiyo, niliacha. Nilisoma biolojia miaka miwili, karo ikashinda familia, nikarudi nyumbani na simu na begi moja. Ila katika hiyo miaka miwili kuna somo moja la maabara ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo. Tulichota udongo wa kawaida nje ya darasa, tukautia kwenye maji, alafu tukauweka kwenye joto la nyuzi 80 kwa dakika kumi. Kila kiumbe chenye akili hufa hapo. Tukachukua tone la yale maji, tukalipaka kwenye sahani ya chakula cha bakteria, tukaenda zetu kulala. Asubuhi sahani imejaa madoa. Kuna vitu vilikuwa ndani ya ule udongo vimepikwa na havikufa. Mwalimu akasema: hizo ni spora.

Sasa ukisikia neno spora huenda unafikiria ukungu wa mkate, na hujakosea. Ile unga ya kijani juu ya mkate wa juzi ni spora za kuvu, mamilioni. Yale madoa ya kahawia chini ya jani la kangaga ni spora pia, kangaga haina mbegu, inazaana kwa vumbi lile. Uyoga hivohivo. Na si mambo ya kuchezea: mwaka 2004 kuvu iliota kwenye mahindi ya watu Ukambani, Makueni na Kitui hasa, ikaacha sumu ya aflatoksini, watu 317 wakaugua na 125 wakafa. Kwa kuvu na kangaga spora ni njia ya kuzaa, moja inazaa maelfu, maelfu yanapeperuka na upepo.

Spora ya bakteria ni habari nyingine kabisa. Hapa hakuna kuzaa. Bakteria moja inatengeneza spora moja tu, na lengo si watoto, lengo ni kutokufa. Mambo yakiwa magumu, chakula kimeisha ama mazingira yamebadilika, inachukua maelekezo yake ya uhai, inayafungia ndani ya ganda juu ya ganda, inatoa maji karibu yote, alafu mwili uliobaki unapasuka na kuachilia kile kipunje. Kipunje hakili, hakipumui, hakifanyi kitu. Kinangoja. Kinaweza kungoja miaka mingi ardhini. Maji yanayochemka hayakupi uhakika wa kukiua. Ile jeli ya mikono ya pombe tuliyojipaka wakati wa korona haikifanyi kitu. Maji ya bahari, poleni wazee wangu, ndo kabisa hakiyasikii. Hospitali ikitaka uhakika inatumia ile sufuria kubwa ya mvuke wa presha, nyuzi 121, kwa dakika kumi na tano ama zaidi.

Kimeta, ule ugonjwa wa ng'ombe na nyati, unaishi hivo. Na pepopunda unaishi hivo.

Pepopunda. Limeze hilo neno taratibu. Pepo. Punda. Waswahili waliupa ugonjwa huu jina lenye punda ndani yake, na ukienda kwenye vitabu vya sayansi utakuta spora za *Clostridium tetani* zinapatikana kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, farasi na jamaa zake wakiwa mbele kwenye orodha. Punda ni jamaa yake farasi. Na sisi tunaishi wapi? Kwenye kisiwa ambacho mawe, mchanga, simiti, mitungi ya gesi, masanduku ya soda na mizigo ya wageni vyote vinapanda vichochoroni juu ya mgongo wa punda. Hatuna lori. Hao punda wanaacha walichoacha, jua linakausha, miguu inasaga, kusi ikivuma inaingia kila nyufa. Tunatembea juu yake na ndara. Watoto wanacheza mpira juu yake bila chochote.

Si ati nasema punda waondolewe. Kuna watu, hasa wa mitandaoni ambao hawajawahi kubeba hata ndoo ya mchanga, kila mwaka wanaandika kwamba Lamu ingekuwa safi zaidi bila punda. Bila punda hakuna nyumba hata moja ya hizo mnazolala wikendi. Na hata ukiwaondoa wote leo, spora zilizoko ardhini zinabaki. Zinaweza kutoka kwa ng'ombe, mbuzi, mbwa, hata mtu. Udongo wa Nairobi unazo. Udongo wa Kondele na wa Kariakoo unazo. Mwambie jamaa yako wa Githurai anayefikiri hii ni habari ya Lamu peke yake. Punda mwenyewe pia ni mhanga: jamii ya farasi ni kati ya wanyama wanaoumizwa zaidi na ugonjwa huu.

Sasa turudi kwa msumari wangu. Spora ya pepopunda haipendi oksijeni. Ikikaa juu ya ngozi inaendelea kulala. Ukijikata kwa kisu, kidonda kimefunguka, damu inamwagika, hewa inapita, inapata shida. Lakini tundu jembamba, refu, lililojifunga juu, lisilotoa damu nyingi, lenye uchafu umesukumwa mpaka chini ambako hewa haifiki, hapo kipunje kinaamka. Kinakuwa bakteria tena, kinakula, kinatoa sumu. Kwa hiyo kutu haina kesi. Msumari wa kutu una sifa mbaya kwa sababu mara nyingi umelala kwenye uchafu. Mwiba unatosha. Sindano ya kutoboa masikio iliyofutwa kwa kitambaa inatosha. Wale mnaochorana tatuu chumbani kwa mafunzo ya video, nawaona.

Na ile sumu, bana. Inakadiriwa nanogramu mbili na nusu kwa kila kilo ya mwili wako zinatosha kukuua. Nanogramu ni gramu moja umeigawa mara bilioni. Inapanda kwenye neva mpaka uti wa mgongo, inazima zile breki zinazoiambia misuli "legea". Kwanza taya linakaza, huwezi kufungua mdomo. Alafu shingo, tumbo, mgongo unapinda kama upinde. Kawaida inaanza siku 3 mpaka 21 baada ya kidonda, wakati mwingine kidonda kimeshapona umesahau. Jambo linalonitisha zaidi ni kwamba akili haiguswi. Unajua kila kinachotokea. Na mwanga, mguso ama kelele kidogo tu inaanzisha mshtuko mwengine, ndo maana mgonjwa anawekwa chumba cha giza na kimya. Niambieni, Lamu hii, utakipata wapi chumba ambacho hakisikii punda akilia?

Kuna kitu kuhusu historia ya huu ugonjwa ambacho kilinifurahisha darasani na bado kinanifurahisha. Mwaka 1884 kijana mmoja wa Kijerumani, Arthur Nicolaier, alichoma wanyama sindano ya udongo na wakapata pepopunda. Udongo tu. Kwa hiyo walijua kitu kiko ardhini, lakini walishindwa kukitenga, kila wakikikuza kinakuja kimechanganyika na bakteria nyingine. Mwaka 1889, Mjapani anaitwa Kitasato Shibasaburō, aliyekuwa akifanya kazi Berlin kwenye maabara ya Robert Koch, akafanya jambo rahisi mpaka linaudhi: akapasha moto. Nyuzi 80. Bakteria nyingine zikafa, spora za pepopunda zikabaki peke yake, akazikuza mahali pasipo na oksijeni. Yaani nguvu yao ndo iliyowachoma. Lile somo letu la udongo lilikuwa mtoto wa jaribio lake. Mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring wakaonyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa ile sumu inaweza kumkinga mnyama mwengine. Baadaye ile dawa ikawa inatengenezwa kwenye damu ya farasi. Mnyama yuleyule. Mavi yake yanakuletea ugonjwa, damu yake inakuletea dawa.

Chanjo yenyewe ilikuja miaka ya 1920: unaichukua sumu, unaivunja makali kwa formalini, unaupa mwili uijue kabla haijaja ya kweli. Jeshi la Marekani liliwachanja wanajeshi wake kwa Vita vya Pili vya Dunia. Majeruhi waliolazwa walipita milioni 2.7, watu waliokanyaga, waliotobolewa, waliolala kwenye matope. Kesi za pepopunda zilikuwa 12. Hiyo ni chanjo iliyoko karibu miaka mia, si kitu cha juzi.

Basi kwa nini niliambiwa sina mimba?

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mamangu nilichanjwa lini. Akafungua sanduku lake, chini ya kanga za harusi, akatoa kadi ya kliniki imekuwa laini kama kitambaa. Sindano tatu: wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Ni ile chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, na pepopunda imo ndani. Baada ya hapo, kwenye safu ya pepopunda, hakuna kitu. Miaka ishirini na zaidi ya nafasi nyeupe.

Kinga ya pepopunda inapungua. Inashuka kidogokidogo mpaka unakuwa mtu mzima mwenye kadi nzuri na kinga ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2017, linataka dozi sita: zile tatu za uchanga, alafu tatu za nyongeza, moja mwaka wa pili wa maisha, moja kati ya miaka 4 na 7, na moja kati ya miaka 9 na 15. Wavulana na wasichana, sawasawa. Ratiba niliyokua nayo mimi iliishia wiki ya 14. Dada yangu mkubwa yeye alipata nyingine alipobeba mimba, na akapata tena kwa mimba ya pili. Mimi njia yangu ya kupata ni moja: niumie kwanza, alafu nibahatike kukuta chupa.

Naelewa kwa nini walianza na wajawazito, na nataka niwe mkweli hapa. Mama akichanjwa, kinga yake inavuka kondo la nyuma na kumlinda mtoto siku zile za mwanzo ambazo kitovu bado ni kidonda. Na pepopunda ya watoto wachanga ilikuwa janga la pwani yetu hii. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 kazi ya miaka mingi kuhusu watoto waliolazwa hospitali ya kaunti kwa ugonjwa huo: karibu wote walizaliwa nyumbani, na kupaka kinyesi cha ng'ombe kwenye kitovu kulikuwa kati ya mambo yaliyohusishwa nao. Nilipomsomea bibi yangu, alinyamaza muda mrefu. Alafu akaniambia kuhusu watoto aliowaona yeye akiwa msichana, waliozaliwa wazima, wananyonya vizuri, siku ya tano ama ya sita mdomo haufunguki, mwili umekakamaa, siku ya saba wanazikwa. Watu walisema ni pepo. Nikamuuliza, wangapi? Akasema, "Mjukuu wangu, hayo hatukuwa tukihesabu."

Kenya ilithibitishwa mwaka 2018 kwamba imeondoa pepopunda ya akina mama na wachanga, maana yake imeshuka chini ya kesi moja kwa kila watoto elfu wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Hiyo ni kazi kubwa, na wauguzi wa zahanati kama ile niliyochekwa ndo waliifanya. Siwanyang'anyi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba tulifunga mlango mmoja tukajiona nyumba nzima imefungwa.

Na huu ugonjwa hauna msaada wa jirani. Surua, watu wengi wakichanjwa, hata asiyechanjwa anapata kivuli, manake hakuna wa kumwambukiza. Pepopunda haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Inatoka ardhini kuja kwako. Mtaa mzima ukichanjwa na wewe ukabaki, wewe bado ni wewe na msumari wako. Wala hatutaweza kuifuta duniani kama ndui, huwezi kuchanja udongo. Na hata ukiugua ukapona, haupati kinga, sumu iliyokupiga ni ndogo mno mwili kuijua. Unatoka wodini ukiwa bado unahitaji sindano. Sijui ugonjwa mwengine wenye dharau kama huu.

Sasa nigusie ile habari ambayo najua mtaileta. 2014. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka kwenye redio. Serikali pamoja na WHO na UNICEF walikuwa wakichanja wanawake wa miaka 14 mpaka 49 dhidi ya pepopunda, na maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya wakasema chanjo ile imetiwa homoni ya hCG ili kuwafunga wanawake kizazi. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF wakakanusha. Ikawa vita ya maabara na vyombo vya habari, na mpaka leo ukiposti neno pepopunda kuna mtu atakuletea ile video.

Tetesi ile haikutoka hewani kabisa. Miaka ya 1990 kule India kulikuwa na watafiti wakijaribu chanjo ya kupanga uzazi, na ndani yake waliunganisha hCG na ile sumu ya pepopunda iliyovunjwa makali, kama kibebeo. Walichapisha wazi, na wanawake waliojitolea walijua wanajaribu nini. Kinga ikishuka, uwezo wa kushika mimba ulirudi. Hiyo ni dawa nyingine, si chanjo ya pepopunda inayotolewa kliniki. Mimi naamini kampeni ya Kenya ilikuwa ya pepopunda. Dada yangu alipata sindano akiwa na mimba ya kwanza, alafu akazaa tena, na hao watoto wawili saa hii wananivuruga hapa nikiandika.

Lakini jiulizeni swali hili: kwa nini ile tetesi ilinasa haraka hivo? Kwa sababu watu waliuliza swali la kawaida kabisa. Kama ni pepopunda, mbona wanaume hawachanjwi? Kwani wao hawakanyagi misumari? Jibu la kitaalamu lilikuwepo, lakini jibu la kitaalamu linahitaji dakika kumi na tetesi inahitaji sekunde tano. Ukichanja wanawake wa umri wa kuzaa peke yao dhidi ya ugonjwa unaopata kila mtu mwenye miguu, umewaandalia watu wa tetesi meza. Kama siku ile kungekuwa na wavulana kwenye foleni, mabaharia, mafundi, watoto wa shule, ile hadithi ingekosa pa kukaa. Kwa hiyo kutuacha wanaume kulitugharimu sisi, na kuliwagharimu wanawake pia.

Uganda walijifunza kwa njia ngumu. Kwenye kampeni ya kutahiri wanaume kupunguza maambukizi ya HIV, wanaume kadhaa walipata pepopunda baada ya kutahiriwa, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa kile kifaa cha mpira kinachobana ngozi mpaka ife. Ngozi iliyokufa, hakuna hewa, unakumbuka spora inapenda nini. Mwaka 2016 WHO ikatoa ushauri, na Uganda ikaanza kutaka wanaume wachanjwe pepopunda kabla ya kutahiriwa. Mwaka huohuo makala kwenye jarida la WHO ilisema wazi kwamba vifo hivi vimefichua pengo la zamani: wanaume watu wazima Afrika hawana kinga kwa sababu hakuna anayewatafuta.

Ombi langu si la kupasua bajeti. Tangu Oktoba 2019 Kenya ina chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka kumi, na mara nyingi muuguzi anawafuata hukohuko shuleni. Amepanda boti, amebeba kile kisanduku cha barafu, ameshafika darasani. Wavulana wamekaa dawati la nyuma wanacheka wenzao wakichomwa. Miaka kumi iko ndani kabisa ya ule umri wa 9 mpaka 15. Ongezeni sindano ya pepopunda kwenye kisanduku kilekile, wachomeni wote, na hao wa dawati la nyuma waache kucheka. Chanjo hii ni ya bei rahisi sana. Safari ya boti ndo ghali, na safari imeshalipwa.

Alafu kuna sisi ambao tumeshapita hiyo miaka. Mafundi, makuli, wavuvi, vijana wa punda, wapiga mbizi, madereva wa boda huko kwenu. Zahanati iwe na chupa zetu pia, si masalio. Na nyie mnaosoma, muulizeni mama kadi iko wapi. Ukiitoboa ngozi kwa kitu kichafu, osha kwa maji mengi safi na sabuni, nenda siku hiyohiyo, sema neno pepopunda kwa sauti. Wakicheka, chekeni pamoja, ila usiondoke kwenye foleni.

Mimi sindano nilipata Lamu mjini, kwa pesa yangu, jioni hiyo. Mkono uliuma siku mbili kuliko kisigino. Klipu ya punda niliiposti, imetazamwa kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka huu, na kwenye sekunde ya ishirini na moja unasikia nikipiga ukelele, wengi walidhani ni kicheko.

Yule kijana mwenye punda kwenye klipu ana miaka kumi na saba. Alikuja jioni kuniangalia mguu. Nikamweleza haya yote, akasikiza, akaniuliza swali moja tu: na yeye je? Mamake amefariki, kadi haipo, hakuna anayejua alichomwa nini. Kwa mtu kama yeye unaanza upya, dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita. Jumamosi tunapanda boti ya saa mbili asubuhi. Amesema lazima turudi kabla ya adhuhuri, kuna mzigo wa matumbawe unamngoja gatini.